Pikipiki Aliyoifungua Gachau

Kiganjo, Thika
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mpendwa Tata Shiko, shangazi yangu,

Bwana asifiwe sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wote wa boma lako huko Kitale. Magoti yanaendeleaje? Mwanangu Njambi aliniambia siku hizi unatembea mpaka zizini bila fimbo, nikafurahi kwelikweli. Na yule ng'ombe mweusi, alizaa salama? Huku mvua imenyunyiza kidogo tu, ikatuachia matope na kwenda zake.

Sisi tuko. Njambi yuko kidato cha pili na sasa ananipita kwa urefu. Baba yake bado yuko Mombasa na lori. Na Baba, ndugu yako, anakula vizuri. Kile kidonda cha mguu kinafunga, ingawa polepole, si unajua vile watu wa sukari hupona.

Nimekuandikia kwa sababu kwa simu hunisikii vizuri. Mimi nasema hili, wewe unajibu lile, na jambo hili sitaki lipinde njiani. Najua Gachau amekupigia tayari. Kaka yangu ana sauti kubwa, yeye bila shaka ulimsikia. Sasa naomba usome na upande wangu, taratibu, na miwani ukiwa umevaa.

Tata, nimechukizwa. Nimekaa wiki nzima nikitafuta neno lililo na adabu zaidi la kukuandikia, na sijalipata. Nikimfikiria kaka yangu nasikia kichefuchefu kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyolala.

Ilianza Jumamosi ya wiki juzi, tarehe nane. Unajua mimi ndiye ninayempeleka Baba kliniki Ruiru kuoshwa kidonda, kwa sababu ngazi ya matatu inamtonesha mguu, na yule nesi wa Ruiru ndiye tu anayemwamini. Ninampakia nyuma ya pikipiki yangu, ninamwekea mto, tunakwenda polepole tukipitia barabara ya pembeni. Pikipiki haikuwa na shida. Ilikuwa imefikia tu kubadilishwa oili, na nilikuwa nimepanga kuipeleka gereji.

Gachau akatokea kutoka Ruiru akiwa amevaa ovaroli mpya ya buluu. Hata alama za kukunjwa dukani zilikuwa bado zinaonekana. Alikuwa ameangalia video kwenye simu, nafikiri, mpaka akajiona fundi. Alizunguka pikipiki mara moja, akalipiga gurudumu teke, akasema, "Hii imechoka. Leo naifanyia service hapa nyumbani, kila kitu."

Nikamwambia, "Gachau, ni oili tu. Gereji watanifanyia."

"Gereji ni wezi. Wewe ni wa kupanda, mimi ni wa kufungua."

Nikamtazama Baba anisaidie. Baba alikuwa ameketi pale barazani na mguu juu ya kiti. Akasema, "Mwache kaka yako, Ngina. Mkono wa nyumbani hauharibu." Ulishawahi kumsikia Baba akimkataza Gachau jambo lolote? Basi, nikampa ufunguo.

Tata, yule mtu alimwaga oili chafu ndani ya sufuria yangu ya githeri. Si sufuria kuukuu, ile kubwa uliyoniletea wewe nilipoolewa. Nilitoka nje kuanika nguo nikaikuta chini ya injini, nyeusi tititi, na oili inaning'inia kama makamasi. Alisugua cheni kwa mswaki wa Njambi. Aliposhindwa kujua kama waya fulani una moto, alilamba kidole akaugusa, akakitoa akakifuta, akalamba tena. Wakati wa chakula aliingia bila kunawa, akaingiza mkono ule mweusi kwenye bakuli la nyama akitafuta mfupa anaoupenda. Mimi na Njambi tulikula ugali mtupu. Na ile oili aliimwaga nyuma ya jikoni, kwenye sukuma wiki yangu. Majani yamekauka yote, na harufu haijatoka mpaka leo.

Alikuwa ameondoa tangi, kiti, pedali ya gia, na kifuniko cha betri. Alipomaliza kurudisha, kulikuwa na bolti zimebaki chini. Nikamwonyesha. Akaziokota akazitia mfukoni. "Hizo ni za urembo," akasema. Halafu akapiga picha akiwa amesimama kando ya pikipiki na spana mkononi, akaitupa kwenye grupu ya familia. Nafikiri uliiona. Watu wakamwandikia hongera.

Nilipoipanda kuijaribu mpaka kwa kioski, niliisikia si ile yangu. Gia ilikuwa ngumu, inaingia kwa kishindo kama mtu anayevunja kuni. Nikibana klachi na kusimama, bado inataka kwenda mbele. Taa ya nyutro, ile ya kusema hakuna gia, inawaka na mimi niko kwenye gia ya pili. Na nikikata kona ya kushoto, honi inalia yenyewe. Watu wa kioski walicheka sana.

Nikarudi nikamwambia yote hayo. Hata hakusimama. "Gia zimesafishwa, zinazoeana," akasema. "Pikipiki ni kama ng'ombe, Ngina. Ikijua mwenyewe ni mwoga, inamsumbua." Akaomba chai, akanywa, akarudi Ruiru. Kesho yake baada ya kanisa nilimpigia nikamwambia honi bado inalia kwenye kona. Akaniambia nisiguse kitu, itajipanga yenyewe.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Nesi alikuwa ametuonya kwamba bandeji ya Baba isipite siku yake, kwa sababu kidonda kilikuwa kimeanza kunuka tena. Hakukuwa na mtu mwingine wa kutupeleka. Tukatoka asubuhi, gari zikiwa nyingi, nami nikienda polepole kuliko siku zote. Mpaka Juja tulikwenda hivyo hivyo, gia zikigoma na kukubali. Tulipokaribia Ruiru nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilidhani ni lori lililokuwa mbele yetu.

Unapoingia upande ule wa kliniki kuna mahali barabara ya vumbi inakatiza reli. Hakuna kizuizi, kila mtu hutazama mwenyewe. Nilitazama. Garimoshi la asubuhi la kwenda Nairobi lilikuwa bado limesimama stesheni, mbali, watu wakipanda. Nikapanda tuta. Gurudumu la mbele lilipovuka chuma cha kwanza nilitaka kurudi gia ya kwanza, pedali ikakataa. Nikaikanyaga tena, ikakwama kabisa. Nikabana klachi, pikipiki ikaendelea kusukuma, ikaruka kama mbuzi aliyefungwa, na mara taa, honi, injini, vyote vikazimika. Moshi ukatoka chini ya kiti, chini ya Baba.

Tulikuwa katikati ya reli, Tata.

Nilijaribu kuisukuma. Haikwenda mbele wala nyuma, kwa sababu ilikuwa imekwama kwenye gia na klachi haiachilii. Gurudumu lilikuwa kama limepigwa misumari. Baba akauliza, "Ngina, mbona tumesimama?" Na hapo ndipo garimoshi lilipopiga honi ya kuondoka.

Nilipiga nduru. Sijui nilisema nini, nafikiri nilisema kwa Kikuyu. Nilimshika Baba kwapani nikamvuta, ule mguu mbaya ukakwama kwenye chuma cha kubebea mizigo, na yeye akawa analia "Woi! Woi, mguu!" na mimi navuta tu. Bandeji ikabaki pale imening'inia. Tulianguka pamoja kwenye kokoto, yeye juu yangu. Akina mama waliokuwa wakiuza mboga kando ya reli walikuja wakamburuta kwa koti, mimi kwa mkono. Wanaume wa boda boda waliacha zao wakakimbia, wakainyanyua pikipiki nzima nzima kama wanabeba jeneza, wakaitupa upande wa pili. Dereva wa garimoshi alikuwa akipiga honi bila kuachia, na bahati yetu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kwenda. Lilipita hapo polepole, watu wa madirishani wakitutazama sisi na vumbi letu. Mmoja alikuwa anatupiga picha kwa simu.

Baba alilala pale akiushika mguu wake. Kidonda kilikuwa kimefunguka. Mama mmoja alivua leso yake akamfunga, na mpaka leo sijui jina lake ili nimrudishie.

Nesi alimshona na kumwosha, akanisuta mimi, nikakubali kusutwa kwa sababu nilikuwa sina nguvu ya kueleza. Vijana wa boda boda wakaipakia pikipiki kwenye pikapu iliyokuwa inakwenda Thika.

Hapa Kiganjo nina jirani anaitwa Syombua, mwanamke wa Kikamba anayepeleka mboga kwa pikipiki kama yangu, ya aina moja kabisa. Alipoiona yangu imetupwa kwa uwanja alileta yake akaisimamisha kando. "Tusibahatishe," akasema. "Tutatazama yangu, tutatazama yako. Pale zinapotofautiana, hapo ndipo pana ugonjwa." Tulifanya hivyo mchana wote, mimi na yeye, na Baba akitutazama kutoka barazani.

Pedali ya gia ndiyo ya kwanza. Kwenye pikipiki ya Syombua inakaa sawa na mahali pa kuwekea mguu. Yangu Gachau aliirudisha ikiwa imeinama, basi ukiikanyaga kisigino chake kinagonga chuma kabla gia haijabadilika. Tukaitoa tukaipanga upya kwenye meno yake. Ya pili ni kebo ya klachi. Yake ukibana mkono kidogo tu, klachi inaachilia. Yangu ilikuwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, ukibana mpaka mwisho, klachi haijaachilia. Ndiyo maana ilikuwa inasukuma hata nikisimama, na ndiyo maana gia zilikuwa zinaingia kwa kishindo. Tukakaza nati kidogokidogo mpaka mkono ukasikia sawa, gurudumu likazunguka. Nilitaka kulia kwa vile lilikuwa jambo dogo.

Kisha tukainua tangi. Tata, zile nyaya zote zinazokwenda mbele zilikuwa zimebanwa chini ya tangi, na bolti imezikata ngozi. Ukikata kona ya kushoto zinavutwa, zinagusana, honi inalia. Lakini fyuzi si ipo kwa ajili hiyo? Waya zikigusana, fyuzi inakatika, moto unazimika kabla kitu hakijaungua. Syombua akafungua kisanduku cha fyuzi. Akaniita nitazame mwenyewe.

Hakukuwa na fyuzi. Kulikuwa na kipande cha steel wool, ile ya kusugulia sufuria, kimesokotwa na kushindiliwa pale. Ilitoka kwenye sinki yangu. Hata sabuni ilikuwa bado imeshikamana nayo.

Unaelewa maana yake, Tata? Fyuzi ilikatika Jumamosi, hapa nyumbani, mikononi mwake. Aliona. Alijua kuna waya mahali unagusana. Badala ya kuutafuta au kuniambia, aliingia jikoni kwangu, akachukua kitu cha kuoshea vyombo, akakishindilia ili taa ziwake, akafunika, akapiga picha. Halafu akaniambia mimi ni mwoga. Kukosea ningemsamehe, hata mimi hukosea. Hilo la kufunika ndilo linalonitapisha.

Nilimpigia nikamweleza. Akasema, "Si ilikuwa inawaka?" Akakata simu.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Jana tulialikwa kanisani kwao Ruiru, familia yote. Gachau alisimama mbele na suti, akachukua maikrofoni akatoa ushuhuda. Akasema shetani alimfuata baba yake mpaka kwenye reli, lakini yeye Gachau alikuwa ameamka alfajiri ile kumwombea, na Mungu akasikia. Akatoa kitambaa akajifuta macho. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akamkumbatia. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na choo, Tata, na naapa hewa ya pale ilikuwa nzuri kuliko ya ndani.

Baada ya chakula, kwake nyumbani, mbele ya mkewe Beth na wazee wawili wa kanisa aliowaita makusudi, akatangaza kwamba Baba hatarudi Thika. "Mnaona wenyewe," akasema. "Ngina hajui pikipiki, nusura amuue mzee. Kuanzia leo Baba atakaa hapa, na yale mambo yake yote nitayasimamia mimi kama kifungua mimba." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nafikiri ndipo alipokupigia wewe, ili useme ndiyo na jambo liishe.

Nilifungua mdomo nieleze kuhusu nyaya na klachi. Gachau akanikata, "Hayo ni mambo ya kiufundi, wazee hawana haja nayo."

Basi Baba akasema, "Mimi nina haja nayo."

Hakupandisha sauti. Alikuwa bado ameshika kikombe cha chai. Akasema, "Gachau, Jumamosi ile, Ngina alipokuwa anaanika nguo, niliona moshi ukitoka chini ya kiti cha pikipiki. Nilikuuliza ni nini. Uliniambia nini?"

Gachau akacheka kidogo. "Baba, umechoka, hebu..."

"Uliniambia ninyamaze nisimtishe Ngina. Ukaingia jikoni. Ukatoka umekunja ngumi." Akaweka kikombe chini. "Na mimi nikanyamaza. Nikapanda pikipiki niliyoiona ikitoa moshi, nyuma ya msichana wangu, kwa sababu sikutaka kuwaambia watu kwamba wewe hujui kitu."

Beth alianza kukusanya vikombe, hata vile vilivyokuwa na chai. Mzee mmoja akasema tuombe. Baba akasema hapana, aombe kwao, yeye anataka fimbo yake, anarudi Thika na mimi.

Nitakwambia ukweli, Tata, maana wewe ndiye mama niliyebaki naye. Pale sikufurahi. Niliposikia kwamba Baba aliuona ule moshi, chuki yangu ilimgeukia na yeye pia. Usiku kucha niliwaza vile alivyonitazama nikimfungia mto, akijua. Aliweka jina la mwanawe mbele ya shingo yangu na yake. Nikampa chakula bila kumtazama. Leo asubuhi nilimtolea viatu, nikamvalisha soksi kwenye ule mguu mzima, na sikumwambia kitu.

Lakini leo ni kliniki tena. Syombua alikuwa ameniwekea nyaya mpya na fyuzi ya kweli, nami nikaizungusha pikipiki Kiganjo yote, kona za kushoto na za kulia, gia zote, mpaka nikaridhika. Sikujua kama mzee atakubali kuipanda tena. Nilikuwa tayari kutafuta teksi. Nilipotoka nikamkuta amesimama kando yake, amejiegemeza kwenye kiti, mto ameushika kwapani. Tukatazamana.

Akasema, "Twende. Nikiona moshi, nitasema."

Nikamfunga mto, tukaenda. Pale relini alinishika mabega, nikasimama kabisa, tukatazama huku na huku, sote wawili, tukavuka. Nesi anasema uzi umeshika.

Kwa hiyo Tata, Gachau akikupigia tena mwambie Baba ameamua mwenyewe. Na wewe tafadhali usiniambie nimsamehe, bado. Najua utaniambia, na siku moja nitakutii, lakini acha kwanza sufuria yangu iache kunuka. Nimeisugua kwa jivu, kwa ndimu na kwa maji ya moto, na bado.

Nisalimie mjomba Githae, umwambie mbegu za maharagwe alizonipa zilimea zote. Msalimie binti yenu Maxine na mtoto wake mchanga, nasikia ana mashavu. Baba anakusalimu sana, anasema mvua ikifika uje umwone kabla hamjazeeka zaidi wote wawili. Njambi anakubusu na anaomba umfumie sweta ya kijani, ya shule.

Mungu akulinde magoti, akubarikie zizi, na akufikishe kwetu mwaka huu kwa usalama.

Ni mimi nikupendaye siku zote, mwana wa ndugu yako,

Ngina wa Kiama